Digrii za lugha zinapofutwa, tusiwasome vibaya wanafunzi wanaopinga

Kila ikitoka habari kwamba chuo fulani Marekani au Uingereza kinafuta digrii za lugha za kigeni na wanafunzi wametoka kuandamana, maoni ya watu wetu mtandaoni yanakuwa yaleyale, kozi haina ajira, wanaoisoma wenyewe hawajai hata daladala, simu siku hizi inatafsiri kila kitu, sasa hawa watoto wanalilia nini. Niliyasoma hayo mwaka 2023 wakati wa sakata la Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, nikayasoma tena 2025 ilipokuja zamu ya Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, na ya vyuo vya jimbo la Indiana, Marekani, na kila mara naona watu wanajibu swali ambalo wanafunzi hawakuuliza. Hakuna mwanafunzi aliyesema kila chuo lazima kiwe na digrii ya Kirusi hata kama darasani kuna mtu mmoja. Wanachosema ni kwamba hesabu iliyotumika kuzifuta hizo digrii ni mbovu, na kwamba chuo cha umma kikishaondoa lugha anayeumia ni mtoto wa asiye nacho, maana mwenye hela atasoma kwingine. Nakubaliana nao kwa yote mawili, na kwa maoni yangu sisi wenye Kiswahili chetu tuna sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu kuliko tunavyofanya sasa.

Nitaanza na West Virginia kwa sababu pale kila kitu kilikuwa wazi. Hili ni jimbo la milima na makaa ya mawe, watu wake hawafiki milioni 1.8, ni moja ya majimbo maskini kabisa Marekani, na kati ya sensa ya 2010 na ya 2020 ndilo lililopoteza sehemu kubwa zaidi ya watu wake kuliko jimbo lingine lolote. Chuo kikuu chake kiko Morgantown, kilianzishwa 1867 chini ya ile sheria ya 1862 iliyotoa ardhi ya serikali kuu ili majimbo yajenge vyuo ambavyo watoto wa wakulima na wafanyakazi wangeweza kusoma. Agosti 2023 uongozi wa chuo ukaja na taarifa kwamba kuna nakisi ya dola milioni 45, na dawa iliyopendekezwa ni kufuta programu 32 na nafasi 169 za walimu. Idara ya lugha na isimu ilipangwa kuondoka yote, Kihispania, Kifaransa, Kijerumani, Kirusi, Kichina, na shahada za uzamili za isimu na ya kufundisha Kiingereza kwa wageni juu yake. Sharti la wanafunzi kusoma lugha ya kigeni nalo lifutwe. Kama mbadala, uongozi ukasema utaangalia uwezekano wa kushirikiana na kampuni ya apu ya kujifunzia lugha, au na chuo kingine kwa njia ya mtandao.

Tarehe 21 Agosti wanafunzi kwa mamia wakatoka madarasani. Wengi walivaa nyekundu na kujifunga vitambaa vyekundu, na kwa mtu wa West Virginia hiyo haihitaji maelezo, ni alama ya wachimba makaa ya mawe waliojifunga vitambaa vya namna hiyo mwaka 1921 kwenye mapambano ya Blair Mountain, walipotaka haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi. Yaani hawa vijana tangu siku ya kwanza waliliweka suala lao kama suala la wafanyakazi na jimbo lao, na ndiyo maana waliandamana hata wasiosoma lugha. Septemba 6 walimu wakapiga kura ya kutokuwa na imani na rais wa chuo, Gordon Gee, kura 797 kwa 100. Haikusaidia sana. Septemba 15 bodi ikapitisha kufuta programu 28 na nafasi 143. Kwenye lugha walichookoa ni madarasa ya Kihispania na Kichina na walimu wachache wa kuyafundisha, lakini digrii zote za lugha zikaondoka.

Sasa hapo kwenye hela ndipo watu wengi huku kwetu wanapokosea, kwa sababu wanadhani lugha ndizo zilizotoboa bajeti. Mwaka 2014 Gee aliporudi kuongoza chuo alisema anataka wanafunzi wafike 40,000 ifikapo 2020, na chuo kikaendelea kujenga na kupanga matumizi kwa matarajio ya kukua. Wanafunzi hawakuongezeka, walipungua. Wakati huohuo jimbo nalo lilikuwa linapunguza mkono wake. Kituo kimoja cha uchambuzi wa bajeti cha palepale jimboni kilikokotoa kwamba kama bunge lingeendelea kutoa fedha kwa kiwango cha miaka 10 nyuma, chuo kingekuwa na karibu dola milioni 37.6 zaidi, yaani sehemu kubwa ya lile shimo ingezibika bila kumgusa mwalimu yeyote. Na ni mwaka huohuo 2023 ambapo gavana alitangaza ziada ya dola bilioni 1.8 kwenye hazina ya jimbo, miezi michache baada ya kusaini sheria ya kupunguza kodi ya mapato. Kwa hiyo hela zilikuwepo ndani ya jimbo. Watu wenye mamlaka waliamua ziende wapi, halafu mwalimu wa Kijerumani akaambiwa yeye ndiye gharama.

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Chuo kinapotaka kujua programu ipi ina wateja kinahesabu wanafunzi walioisajili kama fani yao kuu, na walimu wa West Virginia walilalamika kwamba waliosoma lugha kama fani ya pili hawakuhesabiwa kwenye lugha, walihesabiwa kwenye ile ya kwanza tu. Hilo peke yake linabadilisha picha, kwa sababu lugha kwa tabia yake ni somo la kuunganisha na kitu kingine. Anayesoma biashara anaongeza Kihispania, anayesoma uhusiano wa kimataifa anaongeza Kirusi au Kichina. Na ukishuka chini ya hapo, kwenye madarasa ya mwaka wa kwanza na wa pili, wengi wanaokaa mle ndani hawana mpango wa kuchukua digrii ya lugha kabisa. Nina ndugu yangu aliwahi kwenda Marekani kufundisha Kiswahili, akaniambia darasani kwake alikuwa na mtu wa uuguzi, mtu wa kilimo na wa afya ya jamii, ila wa lugha hakumpata. Wote hao walikuwa wanalipa ada, na kwenye jedwali la wanaosomea lugha hakuna hata mmoja angeonekana.

Na mwalimu anayefundisha darasa kubwa la wanaoanza ndiye huyohuyo anayefundisha lile dogo la mwaka wa nne lenye watu sita. Ukiangalia lile dogo peke yake utasema ni hasara, ukiangalia mshahara wake mzima na wanafunzi wote anaowafundisha kwa mwaka unaona kitu kingine, ndiyo sababu walimu wa idara ile walisimama wakasema inaingiza hela nyingi kuliko inazotumia. Kufuta digrii tu huku ukiwabakisha walimu wote hakuokoi kitu cha maana, unaokoa pale unapofukuza walimu, na ukishafukuza walimu yale madarasa makubwa yaliyokuwa yanaleta ada nayo yanapungua. Wanafunzi waliielewa hesabu hii vizuri kuliko washauri elekezi waliolipwa kukisaidia chuo kupitia programu zake.

Upande wa pili una hoja, na siyo zote ni nyepesi. Takwimu za chama cha walimu wa lugha na fasihi cha Marekani, MLA, zinaonyesha kwamba kati ya 2016 na 2021 waliojiandikisha kwenye madarasa ya lugha zisizo Kiingereza walipungua kwa asilimia 16.6, na hiyo haiwezi kuelezwa kwa njama ya uongozi wa chuo kimoja. Vijana wanaogopa mikopo, wazazi wanauliza kazi, uhandisi na afya vinavutia. Rais wa chuo akisema siwezi kuendesha kila kitu wakati wanafunzi wanapungua, hiyo ni kauli ya mtu mwenye tatizo halisi, na mimi sina shida kabisa na chuo kinachounganisha digrii 5 za lugha kuwa moja yenye matawi, au vyuo viwili jirani vikagawana, wewe chukua Kirusi mimi nichukue Kichina. Pia ni kweli kwamba baadhi ya waliopiga kelele siku ile hawakuwahi kukaa darasa la lugha, na mtu ana haki ya kuwauliza mlikuwa wapi idara ilipokuwa inatafuta wanafunzi. Ila ripoti ileile ya MLA inaonyesha Kikorea kiliongezeka kwa zaidi ya asilimia 38 katika kipindi hichohicho, kikibebwa na muziki na tamthilia ambazo hata mabinti wa Tandika na Kayole wanazijua kwa majina. Hamu ya lugha ipo, inahama tu. Chuo chenye idara hai kinaweza kuihamia hamu hiyo, chuo kilichovunja idara hakina hata mtu wa kuwashauri kwamba mwaka ujao tufungue Kikorea.

Hoja dhaifu kuliko zote ni hii ya apu na akili mnemba, na inanisumbua kwa sababu ndiyo inayopendwa zaidi. Apu inakusaidia kuanza, inakupa maneno na mazoezi ya kila siku, hilo halina ubishi, na kamera ya simu itakusomea menyu Tokyo bila shida. Lakini angalia kazi ambazo kweli zinahitaji mtu wa lugha, mkalimani wa mahakamani, muuguzi anayemweleza mgonjwa namna ya kutumia dawa, mwandishi wa habari anayemhoji mtu mwenye hofu, afisa anayekaa kwenye mazungumzo ya mkataba. Huko kote anatakiwa mtu anayeweza kugundua kwamba mwenzake amekubali kwa mdomo ila hajakubali, na anayewajibika kwa alichotafsiri. Mashine ikikosea jina la dawa nani anaulizwa? Na hata hizo mashine zinakaguliwa na watu wanaozijua lugha vizuri, sasa hao watatoka wapi kama hakuna anayewafundisha mpaka ngazi ya juu. Isitoshe, sijasikia chuo kimefuta idara ya hesabu kwa sababu kikokotoo kipo.

Kuna na ile ya Kiingereza, kwamba dunia nzima inaongea Kiingereza kwa hiyo Mmarekani hana haja. Hii kwa West Virginia ndiyo inauma zaidi. Marekani kwa ujumla karibu mtu 1 kati ya 5 anaongea lugha nyingine nyumbani kwake, lakini West Virginia ndilo jimbo lenye watu wachache zaidi wa aina hiyo. Maana yake mtoto wa huko hakutani na lugha nyingine sokoni, kanisani wala kwa jirani. Akikutana nayo atakutana nayo shule au chuo, basi. Na bado ni jimbo ambalo Toyota ina kiwanda cha injini tangu miaka ya 1990 na ambalo makaa yake yanauzwa nchi za nje. Wakati huohuo nenda Yale, Harvard, Princeton, lugha zinafundishwa, Kiswahili kikiwemo. Hakuna anayemwambia mtoto wa Princeton kwamba apu itamtosha. Kwa hiyo uamuzi ule kwa vitendo unasema kuna vijana wanaoandaliwa kukaa meza moja na dunia, na kuna vijana wanaoandaliwa kubaki bondeni kwao wakisubiri kazi iwafuate, na kigezo cha kuwagawa ni uwezo wa mzazi. Hapo ndipo vile vitambaa vyekundu vilikuwa na maana.

Kitu kingine kisichosemwa sana ni walimu wa sekondari. Mwalimu wa Kifaransa wa shule ya kata fulani huko milimani kwa kawaida amesoma chuo cha jimbo hilohilo. Ukifuta digrii leo, baada ya miaka 5 au 10 shule zinakosa mwalimu, zikikosa zinafuta somo, watoto wanafika chuoni hawajawahi kusoma lugha yoyote na hawaitaki, halafu chuo kinatoa takwimu kwamba mnaona, hamna wateja. Uingereza imeshapita njia hii. Mwaka 2004 England iliondoa ulazima wa lugha ya kigeni kwa wanafunzi waliofikisha miaka 14, waliochukua mtihani wa lugha wakashuka vibaya, na miaka iliyofuata idara za vyuo zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Wanaozifunga sasa wanazungumza utadhani vijana wenyewe tu ndio walioamua kuzichukia lugha.

Na tusidhani kupinga hakusaidii kwa sababu West Virginia walishindwa. Januari 2025 Chuo Kikuu cha Cardiff kilitangaza mpango wa kupunguza nafasi za kazi 400 na kufunga kabisa fani kadhaa, lugha za kisasa na tafsiri zikiwemo, hata uuguzi. Wanafunzi na wafanyakazi wakapinga kwa maandamano na kwa maandiko, na ilipofika Mei uongozi ukarudi nyuma, lugha zikabaki ingawa kwa watu wachache zaidi, na uuguzi ukabaki. Siyo ushindi kamili, lakini inaonyesha kwamba uamuzi unaotangazwa kana kwamba hauna njia nyingine mara nyingi njia nyingine inayo, ikitafutwa. Tofauti niliyoiona ni kwamba Cardiff kulikuwa na miezi ya kujadiliana, West Virginia kuanzia tangazo hadi kura ya bodi ilikuwa kama mwezi mmoja tu, muhula ndiyo kwanza unaanza.

Sasa Indiana, na hapa ndipo panapotugusa sisi. Mwaka 2025 jimbo la Indiana lilipitisha kwenye sheria yake ya bajeti kipimo cha wahitimu, kwamba digrii ya kwanza kwenye chuo cha umma iwe na wastani wa wahitimu 15 kwa mwaka katika miaka mitatu, isipofika iombe kibali cha kuendelea au iondoke. Kabla sheria haijaanza kutumika Julai 1, vyuo vya umma vilishataja programu zaidi ya 400 za kufutwa, kusimamishwa au kuunganishwa, za lugha zikiwemo, na zaidi ya 100 ni za Chuo Kikuu cha Indiana pale Bloomington. Hicho ni moja ya vyuo vinavyofundisha lugha nyingi kuliko karibu vyote Marekani, na kimekuwa nyumbani kwa programu maalumu ya Kiswahili ya kiwango cha juu, ile ambayo wanafunzi wake wamekuwa wakija kumalizia Zanzibar na Arusha. Mwaka huohuo wizara ya elimu ya Marekani ikasitisha ruzuku za vituo vya vyuoni vinavyofundisha kuhusu kanda mbalimbali za dunia na lugha zake, mfuko ulioanza na sheria ya 1958 baada ya Warusi kurusha satelaiti ya Sputnik na Wamarekani kushtuka kwamba hawana watu wanaozijua lugha za dunia. Kwa miongo mingi hela hizo zimelipia sehemu kubwa ya ufundishaji wa lugha za Afrika kule, Kiswahili kikiwa mbele. Vijana wa Kenya na Tanzania wanaokwenda kwa Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, kusaidia kufundisha Kiswahili wanapokelewa na idara za aina hiyohiyo zinazovunjwa leo.

Sisi tunasherehekea Julai 7, tunajivunia Umoja wa Afrika kukitumia Kiswahili, tunasema kinakwenda duniani, na ni kweli kinakwenda, lakini huko nje kinakaa kwenye vyumba ambavyo wenyewe hatuvilipii kodi. Chukua kile kipimo cha wahitimu 15 ukiweke kwenye digrii ya Kiswahili ya chuo chochote cha Ulaya au Marekani, utaona itakuwa kwenye hali gani. Kwa hiyo Mtanzania anayeandika kwamba lugha zisizo na wateja zifutwe, ajue kwamba kwa kipimo hicho lugha yake inakuwa ya kwanza kwenye foleni, Kihispania kitabaki, Kichina kitabaki, chetu kitaondoka. Na fikra yenyewe imeshaingia kwetu. Kenya imepanga asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari ya juu waende njia ya sayansi na teknolojia, mpango ambao una sababu zake, ila lugha zitapata walimu na vitabu kiasi gani kwenye hiyo 40 inayobaki ni jambo la kuuliza sasa hivi, kabla shule hazijazoea kukaa bila hayo masomo.

Wachina wanalipia vituo vyao vya lugha, kimoja kiko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2013, Wafaransa wana Alliance Française, Wajerumani wana Goethe. Hawakusubiri soko. Sisi tuna BAKITA, tuna Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyokaa Zanzibar, tuna balozi. Kazi ya kwanza ni kujua ni idara zipi za nje zinazofundisha Kiswahili ziko kwenye hizi orodha, kuzungumza nazo mapema, na pale mshahara wa mwalimu mmoja unapoweza kuokoa darasa, tuulipe sisi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na makongamano tunayofanya, na kule wanafunzi tayari wapo, na wengine wameshaonyesha wako tayari kusimama nje ya jengo la utawala kwa ajili ya lugha ambazo hata siyo zao.